Ufunguo Mmoja, Nyumba Kumi

Kwa mujibu wa karatasi za serikali, katika nyumba kumi za Mussagy hapakuwahi kuibiwa hata mwiko. Karatasi zenyewe zilikuwa kwenye faili la kijani ofisini kwa sekretario wa mtaa, mjini Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, na mtu yeyote mwenye ruhusa na kiti angeweza kuzisoma. Kila Jumatatu fomu moja, kila fomu vyumba vinne, wizi, unyang'anyi, ugomvi na mengineyo, na katika kila chumba sifuri ya wino wa buluu, imefungwa vizuri. Mussagy alisoma madarasa manne kwa mapadri kabla ya uhuru, na huko alichapwa mpaka akaamini kwamba sifuri isiyofunga ni dalili ya roho mvivu.

Alikuwa chefe wa nyumba kumi. Ng'ambo ya Ruvuma mtu wa namna hiyo huitwa balozi, jina linalokufanya utafute gari lenye bendera; upande huu ni chefe tu, na hakuna anayemuuliza kama ana baiskeli. Kazi yake ni kujua nani kalala kwa nani, mgeni gani kaingia na katoka wapi, nani kazaa, nani kafa, nani kampiga nani. Alipewa kazi hiyo mwaka aliporudi kutoka Mtwara, vita vilipokwisha, kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa na adui, na tangu hapo hakuna aliyekumbuka kumvua. Alikuwa na mke mmoja, Awa, mabinti wawili walioolewa Pemba, kibanda cha kuuzia vitu vidogo vidogo, na umri wa miaka hamsini na minane ambao hakuwahi kuulalamikia.

Zile sifuri hazikuwa uongo, angalau yeye hakuziona hivyo. Zilikuwa adabu. Ndoo ikipotea kwa jirani, inatafutwa. Ikionekana kwa mpwa wake, mpwa anatukanwa, ndoo inarudi, watu wanakula. Kumpelekea habari hiyo sekretario Inácio, mtu wa Mueda, tena mwenye mhuri, ingekuwa sawa na kuanika nguo za ndani barabarani. Basi Mussagy aliandika sifuri, akapiga saini, akarudi dukani.

Halafu ikapatikana gesi baharini. Gesi yenyewe hakuna aliyeiona. Kilichoonekana ni magari meupe, wanaume wenye kofia ngumu, na kodi za vyumba. Zile nyumba kumi zikabaki kumi kwa jina. Kila mwenye ua alijenga kibanda nyuma akakipangisha, na wapangaji walitoka Nampula, Diaca, Mtwara, Beira, kila mmoja na begi lake na habari kwamba kazi zinaanza mwezi ujao. Mwezi ujao ulikaa mbali kwa miaka mitatu. Wakati wanausubiri, vitu vikaanza kupotea, na safari hii havikuonekana kwa mpwa wa mtu.

Mwaka ule alipita msichana kutoka Maputo, ametumwa na watu waliotumwa na kampuni, akiuliza maswali kwenye mashine ndogo ya kubonyeza. Alimuuliza Mussagy, kuanzia moja hadi tano, anajisikia salama kiasi gani mtaani kwake. Mussagy akauliza namba nzuri ni ipi. Akaambiwa tano. Akasema andika tano. Msichana wa watu ametembea juani, viatu vimejaa mchanga; mgeni hapewi aibu. Nyumba zote kumi zilisema tano. Jirani yake Issufo, aliyeibiwa redio juzi yake, alisema tano na akamwangulia madafu.

Kwa hiyo, kwa namba, mtaa ulizidi kuwa salama kadiri milango ilivyozidi kuvunjwa. Sekretario Inácio alifurahi, lakini alikuwa mtu wa tahadhari, akaita machefe wote akawaambia kila mwananchi aimarishe usalama wa nyumba yake mwenyewe. Mussagy aliutekeleza wito huo kuliko chefe yeyote mjini. Alivuka mpaka kwa Namoto, akafika Mtwara, akarudi na katoni la makufuli: mazito, ya rangi ya dhahabu, yenye picha ya simba. Akapita mlango kwa mlango, mkono huu ujumbe wa serikali, mkono huu kufuli. Wenye nyumba walinunua, wapangaji walinunua. Mlango wake mwenyewe alitia la kwanza. Alisema, na aliamini, kwamba kufuli lile hata kwa nyundo halivunjiki.

Na kweli halikuvunjika hata moja. Zamani mwizi alikuwa akitoboa ukuta wa udongo au akichomoa bawaba, na asubuhi ukiona tundu unajua. Baada ya makufuli, mwizi alianza kuja mchana, watu wakiwa shambani, sokoni au kwenye foleni za kazi za mwezi ujao. Alifungua, akachukua, akatoka, na akafunga tena. Hilo la kufunga tena ndilo lililowatia watu baridi. Issufo alifungua mlango wake mwenyewe, kwa ufunguo wake mwenyewe, akakuta sola na betri havipo. Kwa Zuleica vikaenda vitenge vya harusi ya bintiye. Kwa mwingine simu, kwa mwingine gunia la mchele. Nyumba saba kwa miezi miwili, na hakuna hata mkwaruzo. Mussagy akaandika sifuri, ila mkono ulianza kuwa mzito.

Ya saba ilikuwa ya Wahida. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu na cherehani moja, na wiki ile, kwa mara ya kwanza tangu gesi ipatikane, gesi ilikuwa imemfikia: mkandarasi wa chakula cha kambini alimpa kitambaa ashone ovaroli arobaini. Alishona kumi na moja. Jumamosi alikwenda kununua nyuzi, na aliporudi akafungua kufuli lake la simba, na pale palipokuwa na cherehani na zile ovaroli kumi na moja palikuwa na meza tu.  Alikaa kizingitini, ufunguo mkononi, akawa anautazama kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua.

Jumapili nyumba zote zilikusanyika uani kwake, na mwizi akapatikana mara moja. Issufo ndiye aliyemtaja. Alikuwa Cosme, mpangaji wa Issufo huyohuyo, kijana wa uwandani, huko juu Mueda, Mkristo, mlinzi wa yadi ya makontena ya kampuni. Ushahidi ulikuwa kiunoni kwake: pete ya chuma yenye funguo kumi na nne. Mtu mwenye funguo kumi na nne, alisema Issufo, usimwambie kwamba hana wa kumi na tano. Hakuna aliyesema kwamba Cosme hushinda kazini saa zote za mwizi, au walisema polepole sana. Watu wa uwandani na watu wa pwani wamekaa pamoja mjini hapa muda mrefu wa kutosha kila upande kujua hasa ubaya wa mwenzake.

Wakakubaliana isomwe Halbadiri siku ya Ijumaa baada ya alasiri. Majina ya watu wa Badiri yatasomwa, dhuluma itatajwa, na aliyedhulumu atavimba tumbo, atapofuka, ataanza kuongea peke yake. Kila mtu alijua mtu aliyemjua mtu aliyekutwa na hayo. Vijana wa msikiti mpya walisema ni bidaa, uzushi katika dini. Wakajibiwa kwamba polisi pia ni bidaa, na hawaji. Halafu Issufo akauliza lile ambalo wengine walikuwa wakilizunguka. Cosme si Mwislamu, kisomo kitamshika wapi? Akajibu mwenyewe: Cosme aje, aketi, aitikie amin mbele za watu. Asipokuja, basi ni yeye, na kisomo chake kitakuwa cha mikono.

Mussagy, kama chefe, aliombwa ampelekee taarifa. Akampelekea. Aliona ni jambo la busara; lilikuwa na tarehe na saa.

Jumanne Awa alikwenda msibani Quiterajo na, kwa haraka za msiba, akaondoka na ufunguo wa nyumba umefungwa kwenye pindo la khanga. Mussagy aliporudi kula mchana akakuta mlango umefungwa. Alicheka peke yake. Akaenda kibandani kuchukua nyundo, na kwa kuwa alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba kufuli lile halivunjiki kwa nyundo, akaona vibaya kulivunja hadharani. Pale rafuni palikuwa na makufuli yaliyobaki katonini. Akachukua ufunguo wa mojawapo, bila sababu yoyote, kama mtu anavyojaribu kofia ya mwenzake, akaenda akauchomeka.

Kufuli likafunguka.

Alilifunga. Akalifungua tena. Akarudi kibandani, akashusha pazia la turubai, akayapanga makufuli yote sita yaliyobaki juu ya kaunta na funguo zake. Kila ufunguo ulifungua kila kufuli. Akavaa miwani. Kwenye kila ufunguo, chini ya simba, palichongwa namba, na namba ilikuwa ileile. Kiwanda kule yalikotoka hakikuona sababu ya kujisumbua.

Mussagy alikaa juu ya debe la mafuta ya taa. Mtaani mwake palikuwa na makufuli kumi na saba ya simba, na watu kumi na saba, mbali na watoto wao, walikuwa na ufunguo wa nyumba zote. Mmoja wao, au yeyote aliyewahi kuazima au kuokota mmoja, aligundua jambo hilo kabla ya muuzaji. Mwizi angeweza kuwa mtu yeyote. Ila mtu aliyegawa funguo alikuwa mmoja tu, na alizigawa kwa mkono wake, nyumba kwa nyumba, akisema neno zuri.

Wazo la kwanza lilikuwa kutoka nje aseme. Alisimama kabisa. Kisha akakumbuka mtaa wa pili, miezi miwili nyuma, mtu aliyeonekana asubuhi amebeba televisheni kichwani. Walimvisha tairi na kulimwagia petroli kabla hajapata nafasi ya kueleza kwamba ni yake, anahama. Risiti ilikuwa mfukoni, na iliungua pia. Mussagy akaketi tena juu ya debe. Akajiambia atasema kesho.

Kesho yake, Jumatano, Wahida alikwenda kwa mkandarasi kuomba aongezewe siku. Alirudi bila siku, na nyumbani akakuta mlango umefungwa kama alivyouacha, ila pasi imekwenda, na kile kitambaa kilichobaki kimekwenda pia. Asubuhi, wakati anakwenda, alikuwa amepita mbele ya kibanda, na Mussagy alimwona. Alimsalimu. Wahida alimwitikia vizuri, kwa jina na heshima, kama mtu anavyomwitikia chefe wake.

Jioni ileile akaja Cosme, bado na sare ya kazi.

"Shikamoo, chefe."

"Marahaba. Karibu ukae."

Cosme hakukaa. Alisema amepata taarifa ya Ijumaa na ameifikiria kila upande. Wiki hii yote yuko zamu ya mchana. Akiikosa zamu, wapo mia langoni wanaoisubiri. Akienda zamu, Issufo na wenzake watakichoma chumba chake, na yeye mwenyewe watamkamata akirudi. Mussagy akamshauri aende kwao Mueda siku chache, mambo yapoe.

"Nikiondoka leo, chefe, nimekiri."

Mussagy aliteremsha macho kiunoni kwa Cosme. Alikuwa anatazama zile funguo kumi na nne. Cosme akaona anachotazama, akazishika zisilie.

"Hata mmoja si wangu," alisema. "Lango, makontena, choo cha mabosi. Wangu ni huu mmoja, uliniuzia wewe. Chefe, wewe unanijua. Sitaki karatasi. Sema neno tu, watakusikia."

Mussagy akasema Mungu yupo. Ni kweli, lakini halikuwa neno aliloombwa.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa sekretario Inácio. Alikuwa amepanga maneno njiani: kwanza ataripoti wizi wote, kisha ataomba askari wawili siku ya Ijumaa wamlinde Cosme, kisha, askari wakiwa wameshasimama, ataeleza habari ya funguo. Ulikuwa mpango mzuri, na ulifika mpaka sentensi ya kwanza.

"Wizi gani?" aliuliza Inácio.

Mussagy akautaja, nyumba kwa nyumba. Inácio hakuwa mtu mbaya. Alimwagizia chai. Kisha akashusha faili la kijani, akalifungua, akaanza kugeuza fomu taratibu, moja moja, kama mtu anayemwonyesha mgeni picha za watoto.

"Miaka miwili, mzee Mussagy. Sifuri. Sifuri. Hii hapa, sifuri. Zona yako nimeitolea mfano distrito, kwa wakubwa wa wilaya, watu wamepiga makofi. Leo unataka nipeleke saba kwa mpigo? Wataniuliza hizi saba zimezaliwa siku moja, ni mapacha?"

"Ni nane. Kwa Wahida wamerudi."

"Haya, nane."

Mussagy akasema basi tuache fomu, aombe askari wawili tu, kwa saa moja. Inácio akaweka sukari kwenye chai yake, akakoroga kwa muda mrefu.

"Askari wanagawiwa kwa namba. Kuna mitaa ina wizi arobaini kwa mwezi na haijapata hata mmoja. Pale penye sifuri wataendaje? Wakifika wanalinda nini?" Akapunguza sauti, si kwa siri, kwa huruma. "Halafu mambo ya Badiri ni yenu, mimi siyajui. Yamalizeni nyumbani. Ninyi wa zona nne ndiyo sifa yenu hiyo, mnamaliza nyumbani."

Mussagy akanywa chai, kwa sababu imeshamiminwa, akashukuru.

Awa alirudi jioni. Alimkuta mumewe ameketi ndani ya nyumba ambayo yeye ndiye mwenye ufunguo wake, akamuuliza ameingiaje. Akamwambia yote. Awa alifungua pindo la khanga, akachukua ufunguo, akaenda kibandani, akajaribu makufuli sita, moja baada ya jingine, amempa mgongo. La sita lilipofunguka aliliweka chini polepole sana.

"Wabadilishie," alisema. "Kimya kimya. Sema serikali imeleta mengine."

Mussagy akamwambia mengine yako Mtwara, na kisomo ni kesho.

"Basi usiseme. Kisomo kinamtafuta mwizi. Wewe si mwizi, Mungu anaijua nia yako."

"Na Cosme?"

Awa alirudisha makufuli katonini, moja moja. "Cosme ana kwao," alisema mwishowe.

"Sisi hatuna?"

"Sisi kwetu ndiyo hapa. Ndiyo maana."

Ijumaa kabla ya sala alimfuata mwalimu Abudo, mzee wa chuo aliyekuwa asome. Abudo alikuwa akichambua ubani kwenye sinia, uso umekunjamana. Hakuwahi kuipenda kazi ile. Alisema watu wanaijia kama wanavyolijia duka la dawa za panya. Mussagy akamuuliza, kama kwa kupitisha muda, maneno yenyewe yatakuwaje. Abudo akasema majina ni majina, hayana mabadiliko. Dhuluma ndiyo inatajwa kwa Kiswahili, na anayeipanga ni aliyedhulumiwa. Wahida amesharudi leo asubuhi kuongeza. Akamsomea: aliyeiba, aliyemfungulia, aliyempa ufunguo, na anayejua akanyamaza.

Mussagy aliyapitia yale manne kichwani. Mawili yalikuwa yake.

"Na kama aliyetoa ufunguo hakujua?"

Mwalimu Abudo aliinua macho. "Maneno yakishatoka hayaulizi mtu alijua au hakujua. Ndiyo maana siyapendi." Akamtazama kidogo zaidi ya ilivyo kawaida, kisha akarudia ubani wake. "Mwenye kuyapunguza ni Wahida. Mimi ni mdomo tu."

Alasiri mikeka ilitandikwa uani kwa Wahida, wanaume upande wa mlango, wanawake upande wa jiko. Walikuja wote, na mitaa mingine ilileta wasikilizaji. Pembeni, karibu na ua wa makuti, lilikuwepo tairi kuukuu la gari. Hakuna aliyesema ni la nini, jana halikuwepo.

Cosme alikuja. Alikuja na sare, ametokwa na jasho, na kiunoni hapakuwa na kitu. Aliketi mwisho wa mkeka wa mwisho, akakunja miguu kama alivyoona wengine wamekunja. Issufo na vijana wanne wakaja wakasimama nyuma yake, na mmoja wao akalisogeza tairi kwa mguu, hatua mbili, kwa namna ya mtu anayepanga viti.

Mwalimu Abudo alitia ubani kwenye makaa. Mussagy akasimama.

Aliomba ruhusa kwanza. Kisha akayaacha maneno kwa baadaye. Alitoa mfukoni ufunguo uliotoka katonini, ambao hakuna aliyewahi kuununua, akaenda mlangoni kwa Wahida. Mlango ulikuwa umefungwa, maana mjane alikuwa amezoea kufunga hata akiwa uani. Akaufungua. Akatoka, akavuka uchochoro, akafungua kwa Issufo. Akafungua chumba cha Cosme. Akafungua kwa Zuleica. Watu walinyanyuka wakamfuata, mwanzoni wakinong'ona. Kufikia nyumba ya tano ikawa inasikika sauti ya chuma tu. Nyumba ya kumi ilikuwa yake. Akaifungua hiyo pia, akauacha mlango wazi, akarudi uani, na watu nyuma yake.

"Niliwauzia mimi," alisema. "Yote yanafunguka kwa ufunguo mmoja. Cosme hana funguo za kumzidi mtu yeyote hapa. Mwizi simjui. Wallahi sikujua wakati nauza. Nimejua Jumanne."

Angeweza kuishia kwenye wallahi. Mussagy alilelewa kutoa taarifa kamili, yenye siku.

Issufo alikuwa wa kwanza kupata sauti. Alisema ama kweli, anayefungua nyumba zote kumi si ndiye huyu amesimama, na tunamtafuta nani tena? Akamshika ukosi wa kanzu. Vijana wanne walimwacha Cosme, wakageuka. Tairi likageuka nao. Mwalimu Abudo akasema kwa sauti ya darasani kwamba yeye ameitwa kwenye kisomo, na kama kuna shughuli nyingine atakusanya sinia lake aende zake.

"Jumanne," alisema Wahida.

Hakuinua sauti, lakini Issufo aliachia ukosi. Wahida alikuwa amesimama upande wa jiko, mikono imefungwa ndani ya khanga.

"Baba Mussagy, Jumatano nimepita kibandani kwako. Ulinisalimu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nilikuwa nimebakiwa na pasi na kitambaa. Ningeazima cherehani kwa Zuleica. Ningekaa ndani siku hiyo." Alifikiri kidogo. "Ungeniambia tu, Wahida, leo usitoke. Hata sababu nisingekuuliza."

 Mussagy alikuwa na majibu, na kila moja lilikuwa na yeye mwenyewe ndani yake.

Issufo akauliza basi wafanye nini. Wahida akasema hakuna wa kuguswa. Mtu wa kampuni aende kazini kwake. Cosme, kutoka mwisho wa mkeka, akasema hana tena kazi ya kwendea. Funguo amezikabidhi adhuhuri, mwingine ameshazivaa. Alisema bila lawama, kama anayetaja saa. Wala hakuondoka. Hakuwa na mahali pa kuwahi.

"Mwalimu, soma," alisema Wahida.

Abudo alichukua chuo, kile kitabu cha majina, akakiweka magotini, hakukifungua. "Nisome kama ulivyoniambia asubuhi? Au kuna kitu tukitoe?"

Hapo uani palikuwa na watu zaidi ya sitini na kila mmoja alielewa anaulizwa nini. Mussagy alimtazama Wahida. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi wa ndoa ya mjane huyu, na mumewe alipofariki ndiye aliyeandika jina lake kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri. Aliona kwamba Wahida anayakumbuka hayo pia. Aliona anayapima, na hakuyadharau.

"Soma kama nilivyosema," alisema Wahida. "Usitoe kitu."

Wakaketi. Mussagy naye akaketi, mkeka wa mbele, mahali pa chefe, kwa kuwa ndipo palipoachwa wazi. Majina yakaanza, moja baada ya moja, na moshi wa ubani ukakaa chini chini kwa kukosa upepo. Yalichukua muda mrefu. Yalipokwisha, mwalimu Abudo alifunga chuo na kuinua mikono, na mikono ya watu ikainuka.

Aliyeiba. Amin.

Aliyemfungulia. Amin.

Kabla ya la tatu, vichwa vya safu ya mbele viligeuka kidogo, na vya nyuma vikanyooka. Issufo alikuwa anautazama mdomo wa Mussagy waziwazi. Asiyeitikia amin kwenye Badiri amejitaja mwenyewe, na tairi lilikuwa palepale. Anayeitikia, naye, anajua anaitikia nini.

Aliyempa ufunguo, alisema mwalimu Abudo, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwanzo.

Mussagy aliitikia. Sauti ilitoka safi, ikachanganyika na za wenzake.

Na anayejua akanyamaza.

Hili aliliitikia kabla ya wote, na kwa kitambo kidogo amin yake ilikuwa peke yake uani. Wengine wakaifuata. Upande wa jiko, katikati ya mikono ya wanawake iliyoinuliwa, ya Awa, aliyejua tangu jana, ilikuwa imebaki mapajani, na alikuwa ameifumbata pamoja kwa nguvu sana, kama aliyeshikilia kitu kinachotaka kutoka.